Kibuyu cha Ndezi na Tuta la Ngiri

Nawapa, nawapa.

"Tupe, bibi, tukae nayo."

Niwape ya kweli au ya uongo?

"Ya kwako, bibi."

Haya, sogeeni katikati. Dungu hili, jukwaa letu la miti, lina miguu sita, na mmoja umeshaonjwa na mchwa. Kibwana, rudisha mguu wako ndani, mamba hachagui. Na wewe Somoe, acha kutazama maji. Yakitaka kupanda yatapanda, kuyakodolea macho hakuyapunguzi. Mimi pia naogopa, ndiyo maana nahadithia.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa wakilima kama sisi. Walilima katika bonde hilihili, au katika bonde lililofanana na hili, sitaki ubishi. Katikati ya bonde ulipita mto mkubwa. Wakati wa kiangazi mto ulilala mahali pake, mtulivu. Masika yakikaza huko bara, mto uliamka, ukatoka, ukaingia mashambani.

Uliingia bila hodi. Ulikaa siku ishirini, mara nyingine thelathini. Wanyama walipanda juu ya madungu yao, wakakaa huko na vyungu vyao na watoto wao, wakasubiri. Kila mmoja alikuwa na ufito aliouchoma majini, na kila asubuhi aliutazama kuona maji yamepanda au yameshuka. Hakuna aliyezoea. Kila mwaka waliogopa upya.

Kisha mto ulirudi mahali pake. Uliporudi, uliacha tope. Tope jeusi, laini, limetandazwa mashamba yote, nene kiasi cha kiganja cha mtu. Katika tope hilo ndimo walimopanda mlau. Mlau mnaujua, mmeula tangu mlipoota meno. Ni mazao ya kuyafuata maji yanapoondoka: mahindi, kunde, maboga. Hayataki mvua wala mbolea. Unatoboa tundu, unatia punje, unafukia kwa mguu, unakwenda zako.

Lakini hupandi siku yoyote tu. Unakanyaga tope kwa kisigino. Unainua mguu, unatazama shimo. Shimo likijaa maji, bado, mbegu itaoza. Shimo likibaki tupu na kuta zake zimesimama, panda siku hiyohiyo. Ukichelewa siku tatu, tope limekuwa tofali.

Katika bonde hilo aliishi Ndezi, mjane mwenye watoto watatu. Ndezi ni yule panya mkubwa wa kwenye matete, mwenye meno ya rangi ya chungwa. Alikuwa mwoga, nasema wazi. Jani likianguka, alishtuka. Lakini lilikuwapo jambo moja alilofundishwa na mama yake. Kila mavuno alijaza mbegu kibuyu kimoja, akaziba mdomo wake kwa nta, akakitundika.

Mama yake alikuwa amemwambia, "Kibuyu hiki hakiliwi. Hata watoto wakilala na njaa, hakiliwi. Kinapandwa kwenye tope, basi."

Jirani yake mmoja alikuwa Ngedere, shoga yake wa tangu utotoni. Jirani wa pili alikuwa Mzee Nungunungu, mkali wa maneno. Na jirani wa tatu alikuwa Ngiri.

Ngiri alikuwa na nguvu kuliko wote. Kwa kuchimba, hakuwa na mwenzake. Shida yake ilikuwa dungu. Miguu mifupi, kwato zinateleza, kichwa kizito. Kila masika ilibidi asukumwe matakoni ngazi nzima, na watoto wote wa bonde walikuja kucheka. Akishafika juu alijikunja pembeni, halali, hali, anasikiliza maji chini yake. Ngiri aliogopa maji kuliko hata Ndezi. Tofauti ni kwamba Ndezi alisema, na Ngiri aliona haya kusema.

Sasa, mwaka mmoja mto ulikuja na hasira. Ulikuja usiku, watu wamelala, ukang'oa dungu la Ngedere mti mmoja mmoja. Ngedere alikuwa na mtoto mgongoni. Alishika tawi la mkuyu, akaning'inia hadi kulipopambazuka. Alipoangalia mgongoni, mtoto hayupo.

Somoe, usilie. Au lia, ukimaliza tuendelee. Ngedere naye alilia, hata maji yalipoondoka alikuwa bado analia.

Wote walikusanyika matangani. Ngiri akasimama katikati yao.

"Mpaka lini?" akasema. "Kila mwaka huyu mto anaingia kwetu, nasi tunapanda juu ya miti kama kuku. Leo amechukua mtoto wa Ngedere. Mwakani atachukua wa nani? Mimi nina pembe za kuchimbia. Nitajenga tuta refu, toka kilima hiki hadi kilima kile. Mto ubaki kwao, sisi tubaki kwetu."

Ngedere akainua uso. "Jenga," akasema.

Nani angekataa mbele ya mama aliyefiwa? Nungunungu alikubali. Wengine walikubali. Ndezi alifungua mdomo, akamtazama shoga yake, akaufunga.

Ngiri alichimba kiangazi kizima. Alichimba kwa pembe, akasukuma kwa pua, akashindilia kwa kwato. Akajenga tuta refu, pana, la kupita watu wawili juu yake. Masika yakaja. Mto ukaamka, ukatoka, ukaligusa tuta, ukasimama. Bonde likabaki kavu.

Wakapiga ngoma siku tatu. Wakavunja madungu yao, wakafanya kuni, wakapikia sherehe. Ngiri akalala chini kwenye udongo mkavu, akakoroma, na hakuna mtoto aliyemcheka tena.

Ndezi peke yake hakuvunja dungu lake. Walipomuuliza, akasema, "Liacheni, naamia ndege." Na kweli, alitundika vibuyu vitupu vingi kwenye kamba kuzunguka dungu, akivuta kamba, vibuyu vinagongana, kwa-kwa-kwa, ndege wanaruka. Wakamcheka kidogo, wakamwacha.

Mwaka wa kwanza baada ya tuta, mavuno yalikuwa mazuri. Tope la zamani lilikuwa bado na nguvu. Ngiri akasema, "Mnaona?"

Mwaka wa pili, mahindi yalifika kiunoni yakasimama, majani ya njano. Ngiri akasema, "Ni mvua hizi, hazikunyesha vizuri."

Mwaka wa tatu, mbegu ziliota nyembamba kama nywele za kichanga, zikakauka. Udongo ulipasuka. Juu yake ukaota weupeweupe kama chumvi. Ngiri akasema, "Mbegu zenu mbovu. Pandeni tena."

Wakapanda tena, zikakauka. Wakapanda mara ya tatu, zikakauka. Ghala zikabaki na panya wenye njaa, msimuulize Ndezi kama ni jamaa zake. Watoto wa bonde wakaanza kuvimba matumbo na kukonda miguu. Na katika bonde zima ilibaki mbegu moja tu, ile ya kwenye kibuyu cha Ndezi. Kila mtu alijua anacho, maana hakuonekana kukifungua. Hakuna aliyejua amekificha wapi.

Watoto wake watatu walimwambia, "Mama, tupikie hicho kibuyu, hata nusu."

"Hakiliwi," akasema Ndezi.

"Basi kipande."

"Kwenye udongo huu? Nikipanda hapa nimekitupa. Kinataka tope."

"Tope liko wapi, mama?"

Ndezi akajifungia ndani akalia kimyakimya, mikono kichwani. Akila mbegu, watoto wataishi wiki mbili, halafu basi. Akizipanda kwenye udongo mfu, hata hizo wiki mbili hawatazipata. Akingoja, wanakufa wakimwangalia.

Tena alikuwa na hofu ya pili, ambayo hakumwambia mtu. Masika ya mwaka ule yalikuwa yamekaza huko bara kuliko miaka yote. Kila asubuhi Ndezi alikwenda kwenye tuta, akaweka sikio lake kwenye udongo. Siku ya kwanza alisikia mto upande wa pili ukisema, "Nipo." Akarudi nyumbani. Watu wote walikuwa wamelala chini, hawana hata dungu moja. Tuta likipasuka usiku, hakuna atakayeamka.

Ngiri akaita mkutano, Ndezi hayupo. Akasema, "Mwenzetu anakalia mbegu, watoto wanakufa. Aitoe, tuipande yote kesho." Akamtuma Ngedere.

Ngedere akaja, akasimama mlangoni.

"Shoga, nimetumwa. Toa kibuyu."

Msiniulize kama Ndezi alikuwa amepanga jambo. Alikuwa anaogopa, na anayeogopa huomba siku moja zaidi.

"Shoga yangu, sikatai," akasema. "Lakini tangu lini mbegu ya bonde ikatolewa chini? Inagawiwa juu ya dungu, kila mtu ameketi na kikapu chake. Ndivyo walivyofanya mama zetu. Dungu langu dogo, halitoshi watu. Niletee miti tujenge kubwa."

Ngedere akarudi nyuma. "Dungu? Unaniambia mimi habari ya dungu?"

"Nakuambia wewe. Niletee miti, mbegu utapata."

Ngedere akaenda msituni, akarudi na miti. Aliileta mmoja mmoja, kumi na minane, na kila mmoja aliubwaga chini kwa nguvu kama aliyekuwa anamtupia mtu. Kisha akaenda zake bila kuaga.

Kesho yake Ndezi akaweka sikio kwenye tuta. Mto ukasema, "Nipo, nipo."

Ngiri akamtuma Mzee Nungunungu. Akaja miiba imesimama.

"Binti, mimi si Ngedere. Mimi usinizungushe. Toa kibuyu."

"Shikamoo, babu," akasema Ndezi.

Nungunungu akalazimika kuitikia, "Marahaba," na miiba ikalala kidogo.

"Babu, nipo tayari. Miti hiyo hapo, umeiona. Ila sina kamba, tena sijui kufunga. Wanaojua fundo la dungu, lile ambalo likilowa linakaza, ni nani bondeni isipokuwa wewe? Vijana wamesahau."

"Vijana," akasema Nungunungu, "hawakulijua hata kidogo." Akakaa chini. Akasokota kamba za ukindu, akafunga, akafungua, akagomba, akafunga tena. Jua lilipoelekea kuzama, dungu kubwa lilikuwa limesimama juu ya nguzo kumi na mbili, ubavuni mwa lile dogo, na miti iliyobaki wakaifanya sakafu na ngazi. Nungunungu akalitikisa, halikucheza. Akalitazama muda mrefu.

"Mama yangu alinizaa juu ya dungu," akasema, halafu akaona haya, akaondoka.

Siku ya tatu Ndezi akaweka sikio kwenye tuta. Mto ukasema, "Nipo, nipo, nipo." Na udongo chini ya sikio lake ulikuwa na unyevu.

Akarudi mbio. Njiani alijua kwamba hakuna tena siku ya kuomba. Tuta hilo halivuki kesho kutwa. Ama litapasuka lenyewe usiku, watu wakiwa chini, ama mtu alipasue mchana, watu wakiwa juu. Na yeye mwenye meno ya kukata matete hawezi kulitoboa tuta la Ngiri. Angekwenda kuwaambia? Alikwenda. Alimwambia wa kwanza aliyekutana naye, akajibiwa, "Unataka kututisha ili ubaki na mbegu zako."

Alipofika nyumbani, Ngiri yupo.

"Shemeji," akasema Ngiri. Alimwita shemeji kwa kuwa alikuwa rafiki wa marehemu. "Nimetuma mtu wa kwanza, nimetuma wa pili. Leo nimekuja mwenyewe. Kibuyu kiko wapi?"

Akaingia ndani, akapindua vyungu. Akachimbua jikoni. Akachimbua chini ya kitanda. Hakuna. Akatoka nje, akaliendea lile dungu dogo la kuamia ndege, akashika kamba, akavuta. Vibuyu vikagongana, kwa-kwa-kwa. Akavuta tena. Kwa-kwa-kwa. Vilikuwa kumi, na tisa vililia. Kimoja, cha katikati, kilikaa kimya kwa sababu kilikuwa kimejaa.

Watoto watatu wa Ndezi walitazama chini. Ngiri akashika kamba mara ya tatu.

"Shemeji, acha," Ndezi akasema. "Nitakwambia. Hakipo hapa."

Ngiri akaiachia kamba.

"Hapa mchwa wangekila. Nimekifukia ndani ya tuta, katikati, panapokuwa na ubaridi. Usawa wa ule mkuyu. Kesho asubuhi watu wote wakishapanda dunguni na vikapu vyao, nitakwenda nikichimbue nije nigawe."

Macho ya Ngiri yakawaka. "Wewe huna nguvu ya kuchimba tuta langu. Nitakwenda mimi."

"Basi uende na watu, shemeji. Nenda na Nungunungu, nenda na Ngedere. Usiende peke yako, nakuomba. Maji yamejaa upande wa pili."

Nataka mlisikie hilo. Ndezi alimdanganya kuhusu kibuyu, lakini kuhusu maji alimwambia kweli. Alimpa nafasi. Ngiri angeita watu, mmoja wao angeugusa udongo akasema, jamani, huu umelowa, tupandeni juu. Lakini Ngiri hakutaka watu. Alikuwa na njaa kama wengine, na njaa ilikuwa imeshamnong'oneza kwamba kibuyu kimoja, kwa mtu mmoja, ni chakula cha mwezi.

"Nitakwenda na watu," akasema.

Asubuhi Ndezi akawaita wote. Wakaja na vikapu. Wakapanda dungu kubwa mmoja mmoja, wazee, wanawake, watoto. Ngedere alishika ngazi, akaiachia, akaishika tena. Ndezi akampa mkono, akapanda amefumba macho. Ngiri hakuonekana. Alikuwa ametuma salamu kwamba tumbo linamuuma, atakuja baadaye.

Wakakaa. Wakangoja.

Ngiri alikuwa kwenye tuta, usawa wa mkuyu. Akachimba mara ya kwanza, shimo la kuingia kichwa. Hakuona kibuyu. Akasogea hatua saba, akachimba mara ya pili, shimo la kuingia mabega. Udongo ulikuwa baridi. Akasema, "Hapa ndipo kwenye ubaridi, nimekaribia." Hakujiuliza ubaridi unatoka wapi. Akasogea hatua nyingine saba, akachimba mara ya tatu, akazama kiunoni. Udongo ukageuka tope. Tope likageuka maji. Mto ukamwambia usoni, "Nipo."

Huku dunguni watu walikuwa wamechoka kungoja.

"Kibuyu kiko wapi?" akauliza Nungunungu.

Ndezi akatazama upande wa mto.

"Nakuuliza mara ya pili, kiko wapi?"

Ndezi aliwakumbatia watoto wake watatu. Alijua kwamba kama Ngiri hakuchimba, leo watamtupa chini. Na kama amechimba, basi yeye Ndezi ameyaita maji kwa mkono wake mwenyewe, na dungu hilo halijawahi kujaribiwa.

"Nakuuliza mara ya tatu," akasema Nungunungu, na miiba ikasimama yote.

Ndipo wakasikia. Kwanza ndege wote wa upande wa mto waliruka. Halafu ukaja mvumo. Halafu wakamwona Ngiri anakimbia kwenye shamba kavu, ametoa macho, mkia umesimama juu, na nyuma yake maji ya rangi ya chai yanakuja yakiviringisha matete.

"Ngazi," akalia Ngiri. "Nishushieni ngazi."

Ngazi ilikuwepo palepale. Akaipanda hatua mbili, kwato zikateleza, akaanguka. Akapanda tena, akaanguka. Maji yakamfika tumboni. Hakuna aliyesogea. Wote walikuwa wameelewa alikuwa wapi na amekwenda kutafuta nini.

Aliyeshuka alikuwa Ngedere. Akaning'inia ngazini kwa mkono mmoja, akanyoosha mwingine, akaushika ule mkia uliosimama, akavuta. "Vuteni na mimi," akasema. "Maji haya hayachukui mtu mwingine mbele yangu." Nungunungu akamshika Ngedere, Ndezi akamshika Nungunungu, wakavuta wote. Ngiri akapanda kinyumenyume, analia kama ndama. Ndiyo maana hadi leo ngiri akikimbia husimamisha mkia. Anaacha mahali pa kumshika.

Maji yakapita chini yao. Yakaifikia miti, yakaisukuma. Dungu likalia, kriii. Kila mtu akashika aliye karibu yake. Kamba zikalowa, na mafundo ya Nungunungu yakakaza. Dungu likatulia.

Ndezi akavuta kamba ya lile dungu dogo, lililokuwa limefungwa sambamba na kubwa. Vibuyu tisa vikalia, kimoja kikanyamaza. Akakitoa kile kilichonyamaza, akakiweka katikati.

"Sikukifukia popote," akasema. "Nilimdanganya Ngiri ili atoboe tuta. Nihukumuni."

Ngedere akamtazama. "Umemwita aliyemchukua mwanangu."

"Alikuwa anakuja, shoga. Nilimsikia siku tatu. Angekuja usiku kama siku ile, sisi tuko chini. Nimemwita aje mchana, tuko juu."

Ngedere akageuka, akampa mgongo. Hakusema naye siku ishirini na mbili. Alikaa amepeleka macho majini, na Ndezi hakumsumbua.

Siku ishirini na mbili walikaa pale juu. Walichoma fito zao majini, wakapima. Walikula mizizi ya yungiyungi iliyokuja na maji. Kibuyu kilikaa katikati yao na hakuna aliyekigusa, hata usiku, hata watoto. Ngiri alikaa amejikunja pembeni, kama zamani, anasikiliza maji chini yake. Safari hii hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuuma zaidi.

Kisha mto ukarudi mahali pake. Tope lilikuwa limelala bonde zima, jeusi, nene kiasi cha viganja viwili, maana lilikuwa la miaka mitatu.

Wote wakataka kushuka kupanda. Ndezi akasema, "Bado. Ngiri atapima."

"Mimi?" akasema Ngiri. "Mimi sina kisigino, nina kwato. Kwato zinazama tu."

"Una magoti."

Ngiri akashuka. Akapiga magoti mbele ya watu wote aliowatenda vile, akainuka, wakatazama mashimo. Yakajaa maji. Kesho yake akapiga magoti tena. Yakajaa nusu. Siku ya tatu akapiga magoti, akainuka taratibu, akatazama. Mashimo yalikuwa matupu na kuta zake zimesimama.

"Leo," akasema Ngiri, kwa sauti ndogo.

Ndezi akavunja nta, akagawa. Kila mtu gao moja, kiganja kimoja kimoja. Cha mwisho akampa Ngiri. Ngiri akakitazama kile kiganja cha mbegu kama asiyejua ni kitu gani, akaanza kupanda hivyohivyo, amepiga magoti, hakuinuka mpaka punje ya mwisho. Magoti yake yakaota sugu. Hadi leo mkimwona ngiri anakula, anakula amepiga magoti, na sugu anazo. Na kila mwaka, kabla ya masika, yeye ndiye aliyesafisha mifereji ya kuingizia mto, aliyoichimba katika lile tuta lake, kwa pembe zilezile.

Ngedere alipanda shamba lake lote bila neno. Alipomaliza alibakiwa na punje moja. Akaenda mahali lilipokuwa dungu lake la zamani, akaifukia hapo kwa mguu, akasimama kidogo. Kisha akaja kwa Ndezi, akakaa karibu naye.

"Shoga," akasema, "mwakani tujenge pamoja. Fundo la Nungunungu nimelijua."

Basi, wajukuu zangu, mafunzo yake ni haya. Mto unaotutisha ndio huohuo unaotulisha, na hatuwezi kuchukua tope lake tukaukataa ujio wake. Kuogopa si vibaya, Ndezi aliogopa kuliko wote. Ila hofu ikikutuma kujenga, jenga dungu lako liwe imara, usijenge ukuta wa kuzuia chakula cha watoto wako. Na mbegu ya kesho usiile leo, hata tumbo likigomba.

Hadithi yangu imefika nchi kavu. Aliyesikia amechukua mbegu, aliyesinzia aombe kwa jirani.

Sasa, Somoe, utazame ule ufito. Maji yamefika alama gani? Ya jana? Haya. Basi leo hayajapanda. Nipe mkono niinuke, magoti yangu nayo yana sugu.